Filamu za Djibril Diop Mambéty juu ya dari ya Amu: ipi uanze nayo, ipi uicheleweshe

Mtu akitaka kuonyesha filamu za Djibril Diop Mambéty juu ya dari ya nyumba hapa Amu (Lamu), Mkomani au Langoni, mara nyingi hushika Touki Bouki kwanza kwa kuwa ndiyo yenye jina. Kwa anayetazama peke yake na laptopu, sawa. Kwa kikao cha watu thelathini waliotoka kuswali Isha, kahawa ikizunguka na watoto wamejipenyeza katikati, ni kosa. Robo saa ya kwanza wazee wanaulizana hadithi iko wapi. Nusu saa ikifika, viatu vinatafutwa mlangoni. Anza na Le Franc.

Mambéty alizaliwa mwaka 1945 Colobane, mtaa wa Dakar, Senegal. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani katika ukumbi wa taifa wa Daniel Sorano, akafukuzwa, akashika kamera bila kupita chuo chochote cha sinema. Alifariki Paris mwezi wa Julai 1998, umri miaka 53, akaacha filamu saba. Zote saba ukizipanga mstari hazifiki saa saba. Ndefu ni mbili tu, Touki Bouki ya 1973 na Hyènes ya 1992, na kati yake kuna miaka kumi na tisa. Kwa hiyo kumaliza kazi zake zote ni shughuli ya jioni nne au tano, na wakubwa wenzake wachache sana wanamalizika upesi hivyo.

Kinachowashinda watazamaji ni namna anavyounga picha. Mambéty hutega, wala hategui papo hapo. Unasikia sauti ya kitu kisichokuwepo kwenye picha, jibu lake linakuja dakika kumi baadaye, au haliji kabisa na unaachiwa utoe mji mwenyewe. Aliyekulia kwenye vitendawili hahitaji kufundishwa mchezo huu. Anachohitaji ni kuambiwa mapema kwamba ndio unaochezwa, na filamu fupi za mwisho ndizo zinazoufungua mlango kwa upole zaidi.

Le Franc (1994) ina dakika 45. Msingi wake ni jambo lililotokea kweli: Januari 1994 faranga ya CFA, fedha ya Senegal, ilishushwa thamani kwa nusu. Awali faranga moja ya Ufaransa ilikuwa sawa na CFA 50, kukucha ikawa CFA 100. Mnunuzi yeyote wa unga na mafuta ya kupikia anaielewa hesabu hiyo bila mwalimu. Ndani ya hali hiyo yumo Marigo, mpiga congoma, yaani kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma za kupigwa kwa vidole. Mwenye nyumba amekizuia kwa deni la kodi. Marigo ananunua tiketi ya bahati nasibu, na kwa hofu ya kuibiwa anaibandika kwa gundi kwenye mlango wa chumba chake, kisha juu yake anabandika picha ya Yaadikoone, jambazi anayesifika Senegal kwa kuwaibia matajiri akawapa maskini. Tiketi inashinda. Gundi haibanduki. Anaung'oa mlango mzima na kuubeba mjini.

Hapa filamu inakaa vizuri sana na watu wa Amu, mji ambao mlango ndio heshima ya nyumba na hautolewi ovyo kwenye fremu yake. Mtu mwembamba kajitwika ubao mkubwa kuliko yeye, anapenya kwenye msongamano akigonga huku na huku: kicheko kinakuja chenyewe, hata kwa asiyesoma maandishi ya tafsiri. Hata vichochoro anavijua kila mtu, maana fundi akipitisha kitanda cha samadari hapa kwetu hali ni hiyohiyo. Ofisini wanamwambia namba ya uthibitisho iko nyuma ya tiketi, upande ulioshikwa na gundi. Ndipo anapoupeleka mlango baharini kuuloweka. Mwisho wake juu ya mawe, mawimbi yakimpiga, hausimuliki hapa. Inatosha kusema kwamba Mambéty anaiachia bahari kazi ambayo mwongozaji mwingine angempa wakili.

Iunge mara moja na La Petite Vendeuse de Soleil, nayo dakika 45, iliyotoka 1999 yeye mwenyewe amekwisha kufa. Mbili hizi ni sehemu ya kwanza na ya pili ya mradi wa filamu tatu kuhusu watu wadogo. Ya tatu haikuwahi kupigwa. Binti anaitwa Sili, anatembea kwa magongo, bibi yake kipofu huimba barabarani akiomba. Sili anaamua kuuza magazeti, kazi iliyoshikwa na wavulana, nao hawampi nafasi bure. Jina la filamu ni mchezo wa maneno: gazeti analouza linaitwa Le Soleil, yaani Jua, ambalo ni gazeti la serikali, wakati wavulana wanauza Sud, lile wanalolipenda wananchi. Anaulizwa kwa nini asiuze linalonunuliwa zaidi. Jibu lake ni la mtoto na la mwanasiasa kwa pamoja, nalo ni kwamba hivyo serikali itakuwa karibu na watu. Hii waonyeshe watoto bila wasiwasi wowote. Tahadhari ni moja: tukio la kukamatwa na polisi linapita haraka, na asiyelifuata atadhani Sili ameiba kweli. Aliyeshika maikrofoni aseme kabla kwamba zile pesa amepewa na mnunuzi.

Jioni ya pili iwe ya Hyènes, dakika 110. Kati ya zote saba, kwa hadhira ya hapa, hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na tunaipa daraja la juu kuliko Touki Bouki hata kama wajuzi wa ng'ambo watanuna. Imetokana na tamthilia ya Friedrich Dürrenmatt ya mwaka 1956, mwandishi wa Uswisi, lakini Mambéty ameihamishia Colobane kiasi kwamba Uswisi huioni tena. Linguère Ramatou, aliyeondoka akiwa kijana mwenye mimba na aibu, anarudi baada ya miaka thelathini na mguu wa bandia na mkono wa dhahabu, tajiri kama Benki ya Dunia, ndivyo wasemavyo wenyewe. Anawapa wenyeji fedha zisizohesabika kwa sharti moja: wamuue Dramaan Drameh, mwenye duka, aliyemkana zamani na kununua mashahidi wa uongo. Wote wanakataa kwa kelele. Wanaapa.

Kisha tazama viatu. Mambéty hakuonyeshi mtu akibadilisha msimamo. Anakuonyesha mteja kaingia dukani na viatu vipya vya manjano. Anachukua bidhaa kwa mkopo. Anaingia wa pili, vya manjano. Dramaan, nyuma ya kaunta yake, anateremsha macho hadi miguuni mwa watu na kuanza kuelewa mkopo huo utalipwa na nini. Viatu vimetoka Burkina Faso, na baada yake zinakuja feni, majokofu na televisheni. Hakuna hotuba hata moja inayosema mji umeuzwa. Mwambie aliye karibu na spika apunguze sauti za watoto dakika hizo, kwa sababu asiyeona viatu ameikosa filamu nusu.

Tukio la kuuawa kwa Dramaan nalo ni funzo la kuunga picha. Wanaume wanamzunguka, wanajikusanya, wanamsogelea mpaka haonekani. Wanapoachana, chini limebaki koti tupu. Hakuna damu, hakuna kisu. Baadaye tinga linapita juu ya ardhi na kuacha alama za minyororo yake. Mambéty mwenyewe alieleza katika mahojiano kwamba alitaka filamu ya bara zima, ndiyo maana ndovu wake walitoka Kenya na fisi Uganda. Ukiwaona ndovu wanapita, jua ni wageni kutoka kwetu.

Acha nusu saa baada ya Hyènes. Watu wataitaja bandari ya Kililana, huku Lamu, ardhi na fidia bila kuchokozwa na mtu. Asiyependa mazungumzo hayo ndani ya nyumba yake achague filamu nyingine tangu mapema, asije akazima projekta katikati.

Sasa Touki Bouki. Jina lake kwa Kiwolof ni safari ya fisi. Mory, mchunga ng'ombe aliyehamia mjini, na Anta, mwanafunzi wa chuo, wanataka kwenda Paris na hawana nauli. Pikipiki ya Mory ina fuvu la ng'ombe lenye pembe kwenye usukani. Wanajaribu kuiba mara ya kwanza kwenye uwanja wa mieleka wakaambulia fuvu la mtu, mara ya pili kwa tajiri mmoja wakafanikiwa, na mwisho wako bandarini mbele ya meli Ancerville. Hadithi ni hiyo tu, inaenea kwenye kiganja. Iliyobaki yote ni namna ya kuunga. Wimbo wa Josephine Baker wa kuisifu Paris unarudi na kurudi mpaka unakuwa kero, nayo kero hiyo imekusudiwa: ni sauti ya ndoto iliyokwama kichwani mwa Mory. Baadhi ya unayoyaona, mathalani msafara wa kifahari wanaposhangiliwa na mji mzima, yako kwenye mawazo yao. Hakuna alama inayokuonya.

Picha za mwanzo zinatosha kukupa ufunguo. Mtoto kapanda ng'ombe, kundi linakuja polepole kuelekea kamera, filimbi ya Kifulani inapigwa. Kata: machinjioni, damu, sakafu inateleza, ng'ombe anaburutwa kwa pembe. Kisha mtoto yuleyule, safari hii anarudi peke yake. Kisha pembe zilezile, sasa ziko juu ya pikipiki. Kwa viungo vinne ameeleza kilichompata mchunga aliyeingia mjini, na hakuna aliyefungua mdomo. Watu wa pwani hawashtukii kuchinja, wanakuona kila Idi. Kinachowasumbua ni kwamba kamera haigeuzi uso na hakuna bismillahi inayosikika, ni kazi ya kiwanda. Semeni hilo kabla ya kuanza.

Jambo jingine la kusema wazi: kuna utupu, wa Anta pwani kwenye majabali na wa Mory ndani ya gari. Touki Bouki haifai uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, wala ukumbi wenye watoto. Iwe jioni ya watu wazima, walioalikwa, ambao wameshaziona tatu za kwanza. Wakifika hapo, methali ya kwamba njia mbili zilimshinda fisi itawatoka wenyewe meli inapopiga honi na Mory akashindwa kuipanda. Filamu hii ilipata tuzo ya wahakiki kwenye tamasha la Cannes mwaka 1973, na ilirekebishwa upya mwaka 2008 huko Bologna, Italia, kwa mradi ulioanzishwa na Martin Scorsese.

Tarehe hiyo ya 2008 ina maana kwa mnunuzi. Nakala nyingi zinazozunguka kwenye flashi ni za kabla yake: rangi imegeuka waridi, anga la Dakar limefifia, na sauti ina mkwaruzo kama mtu anakaanga. Nakala iliyorekebishwa utaijua kwa wekundu wa damu uliokolea na buluu ya bahari iliyotulia. Ukinunua diski ya kampuni ya Criterion kutoka Marekani, angalia kwanza namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imeruhusiwa kuchezwa. DVD zao ni za kanda ya 1 na Blu-ray ni za kanda A. Deki za kawaida zinazouzwa Kenya ni kanda ya 5 na kanda B. Diski itaingia, itazunguka, itakataa. Tafuta deki isiyobagua kanda kabla hujalipia usafirishaji.

Umbo la picha nalo linaharibiwa kila mara. Touki Bouki ilipigwa kwa uwiano wa 1.37 kwa 1, karibu mraba. Projekta za sasa ni pana, na mtu akiona mistari myeusi pembeni hukimbilia kitufe cha kujaza. Ukijaza kwa kukuza, unapoteza karibu robo ya picha juu na chini, na vichwa ndivyo vinavyokatika kwanza. Ukijaza kwa kuvuta, Mory anakuwa mnene. Weka 4:3 na uache mistari myeusi ilivyo. Kwa upana wa mita 3 kitambaa chako kinahitaji urefu wa mita 2.2.

Kitambaa chenyewe, kama ni cha marekani kilichofungwa kwa kamba juu ya dari, kitakuwa tanga pindi kusi inapovuma, na picha itapumua kama jahazi. Ukuta uliopakwa chokaa ni bora mara kumi: haupepei, hauna mikunjo, na chokaa isiyong'aa inarudisha mwanga sawasawa. Kwa ukubwa huo gizani, lumeni (kipimo cha mwanga) 1,500 za kweli zinatosha. Yale matangazo ya lumeni 9,000 kwa bei ya simu ndogo yapuuze. Tafuta kipimo kilichoandikwa ANSI. Hyènes ndiyo inayoumia zaidi na projekta dhaifu, kwa sababu vumbi na mchanga wake mweupe vinaungana na anga, ukabaki na watu wanaoelea.

Sauti ina uzito kuliko picha kwa mwongozaji huyu, na ndiko watu wanakobania pesa. Usitumie spika ya bluetooth. Inachelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na kwa mtu anayeunga sauti na picha kwa makusudi, ucheleweshaji huo unaharibu mkato mzima. Tumia waya. Spika mbili mbele, pande mbili za ukuta, zote zikitoa sauti ileile, besi ipunguzwe. Anzeni saa mbili na nusu usiku. Mji una misikiti zaidi ya ishirini, na mkianza kabla ya Isha mtasimamisha filamu mara moja kwa adhana na mara ya pili kwa watu kuondoka. Punda hana ratiba, mvumilieni.

Nakala zinazouzwa zina maandishi ya Kiingereza au Kifaransa. Kutengeneza ya Kiswahili ni kazi ya siku tatu kwa Hyènes na siku moja kwa Le Franc. Fungua faili ya SRT, yaani faili ya maandishi yanayoonekana chini ya picha, andika tafsiri, usizidishe mistari miwili wala herufi 40 kwa mstari, hifadhi kwa UTF-8, ipe jina lilelile la faili ya filamu. Kiswahili kinakusaidia hapa, maana "watakulipa" ni neno moja. Tatizo la kawaida ni maandishi kuanza sawa na kumaliza yakiwa yametangulia au yamechelewa. Hiyo hutokea faili ya maandishi ilipotengenezwa kwa fremu 25 kwa sekunde na filamu yako ni ya 24, au kinyume chake. Tofauti ni asilimia 4, na kwenye dakika 110 inakuwa zaidi ya dakika nne. Kusogeza mbele au nyuma kwa kitufe cha programu ya VLC hakutibu, kwa kuwa kunasogeza yote kwa kiasi kimoja. Badilisha kasi ya fremu kwenye programu ya Subtitle Edit, kazi ya dakika mbili.

Kutafsiri kwa mdomo kwa mtindo wa DJ Afro kunapendwa, na kwa sinema za ngumi kunafaa kuliko hata filamu yenyewe. Kwa Mambéty kunaua. Ukimfunika mpiga filimbi kwa maneno, umeondoa kitendawili ukabaki na ng'ombe.

Stima ikikatika, projekta ya taa ya kawaida inakosa feni ikiwa bado moto, na taa inaweza kuharibika. Betri ya akiba ya VA 1,000 itaipa dakika za kupoa, na laptopu itaendelea yenyewe. Usilaze chombo darini; umande wa chumvi unaingia kwenye feni, na miezi michache tu utaona madoa kwenye picha. Kuonyesha hadharani kunahitaji kibali cha Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya na ruhusa ya mwenye filamu, hata kama hamtozi kiingilio.

Zilizobaki ni za mwenye hamu. Parlons Grand-mère (1989), dakika 34, ilipigwa pembeni Idrissa Ouédraogo, mwongozaji wa Burkina Faso, alipokuwa akitengeneza filamu yake Yaaba, na inapendeza zaidi kwa aliyeiona hiyo Yaaba. Badou Boy (1970), karibu saa nzima, ni kijana mtundu wa mjini na polisi mnene anayemkimbiza. Ina vichekesho, ila inajirudia. Contras' City, ya kwanza kabisa, dakika kama 21, ni matembezi ya Dakar kwa gari la farasi huku majengo ya Wafaransa yakisimangwa. Hiyo ikae kwenye laptopu kama akiba: ikichelewa hadhira kutimia, ianzisheni, kwa kuwa anayeingia katikati yake hajakosa kitu.